Kumwadhimisha Mama Maria katika Skuli ya Msingi ya Kikatoliki Visiwani

Kila mwaka Mei, mwezi wa Bikira Maria, inapokaribia, walimu wapya wa somo la dini katika skuli zetu za msingi za Kikatoliki hapa Unguja na Pemba huniuliza swali lilelile: je, tufanye maandamano ya Bikira Maria kama yanavyofanyika Bara, au tusali kimyakimya darasani tusije tukamuudhi mtu? Nimelifundisha somo hilo Unguja kwa miaka mingi, na jibu langu halijabadilika. Tusali waziwazi, tusali kidogo kila siku, na tusimlazimishe wala kumtumia mtoto wa Kiislamu kwa namna yoyote. Mambo hayo matatu yanategemeana. Pasipo uwazi wazazi huanza kushuku. Pasipo mazoea ya kila siku ibada hugeuka onyesho la siku moja. Na pasipo uhuru skuli hupoteza imani ya majirani zake, ambayo haikupatikana kwa mwaka mmoja wala miwili.

Mwalimu anayetoka Bara anapaswa kwanza kujua kwamba hapa yeye si mgeni aliyekuja na kitu kipya. Umisionari wa Kikatoliki wa karne ya 19 katika Afrika Mashariki ulianzia Unguja mwaka 1860, wakati wa Sultan Majid bin Said, alipofika Padre Fava na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion wakiwa pamoja na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Walihudumia wagonjwa na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 hao ndio waliovuka bahari kwenda kufungua misheni ya Bagamoyo. Kwa hiyo jina la Maria liliingia mjini pamoja na masista waliokuwa wakiwafunga watu vidonda, na lilikuwa limekwisha kutajwa katika sala za kila siku miaka mingi kabla ya kujengwa kanisa la Mtakatifu Yosefu ambalo sote tunaliita Minara Miwili. Huwa ninawaeleza watoto historia hii wiki ya mwisho ya Aprili, kwa sababu mtoto wa Kikatoliki anayeishi katika mji ambao watu wake karibu wote ni Waislamu anahitaji kujua kwamba sala yake ina mizizi hapa, na kwamba mizizi hiyo ilipandwa kwa huduma.

Watoto wetu wenyewe ni akina nani? Wengi wa Wakatoliki ni watoto wa wafanyakazi waliotoka Bara: askari, walimu, mafundi, na zaidi ya wote wafanyakazi wa hoteli. Wapo pia wachache wa familia za Wagoa, watu wenye asili ya Goa nchini India, zilizokaa hapa vizazi kadhaa. Mzazi anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje hupangiwa zamu bila kujali Jumapili, na mara nyingi mtoto hukosa Misa si kwa uvivu bali kwa kukosa mtu wa kumpeleka. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu linabadilisha namna tunavyoitazama kazi yetu. Kwa watoto wa namna hii skuli ndiyo mahali pekee katika wiki nzima ambapo watasikia Salamu Maria ikisaliwa na watu zaidi ya wawili, na mwalimu akiiacha, hakuna mwingine atakayeifanya. Halafu wapo wanafunzi wa Kiislamu, ambao katika madarasa mengi ndio walio wengi. Wazazi wao wameichagua skuli yetu kwa ajili ya masomo na malezi, na mchana watoto hao huenda chuoni kusoma Qur-ani. Hawakuja kwetu kutafuta dini, na sisi hatukuwapokea kwa ahadi hiyo.

Sasa niseme juu ya sala yenyewe. Rozari nzima, yaani sala ya Salamu Maria inayohesabiwa kwa shanga katika makumi matano, ni ndefu mno kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, na mwalimu anayewalazimisha kuimaliza huwafundisha kuharakisha maneno bila kuyafikiri. Ninashauri kumi moja tu kwa siku, yaani Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe Baba, kabla ya kengele ya asubuhi, mahali palepale na saa ileile, kwa Mei yote na kwa Oktoba yote, mwezi wa Rozari. Kumi moja likisaliwa kwa utulivu huchukua takriban dakika tano. Watoto wadogo wahesabu kwa vidole vyao kumi badala ya kushika rozari, maana wengi wao bado hupotea katikati ya shanga, na rozari zenyewe mikononi mwa wadogo hugeuka mikufu. Kila siku aongoze mtoto mwingine, na wa darasa la kwanza asinyimwe zamu yake. Nimemwona mtoto ambaye darasani hakuwahi kufungua mdomo akisimama mbele ya wenzake, vidole vyote kumi vimekunjuliwa kifuani, akikunja kimoja baada ya kila Salamu Maria huku midomo ya wenzake ikifuata vidole vyake, na alipofika cha mwisho aliinua uso akasema Atukuzwe Baba kwa sauti ambayo sote hatukujua kuwa anayo. Mwalimu anayetaka kujua faida ya ibada ya kila siku kwa watoto aitafute hapo, asiitafute katika ukubwa wa maandamano.

Tendo la siku, yaani tukio la maisha ya Yesu na Maria linalotafakariwa katika kumi hilo, litajwe kwa kufuata utaratibu wa Kanisa: Jumatatu Matendo ya Furaha, Jumanne na Ijumaa ya Uchungu, Jumatano ya Utukufu, na Alhamisi ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza mwaka 2002. Mwalimu aeleze tendo hilo kwa sentensi mbili au tatu tu kabla ya kuanza. Vilevile akumbuke kwamba mara nyingi sehemu kubwa ya Mei huangukia ndani ya kipindi cha Pasaka, na hadi Pentekoste sala ya saa sita mchana huwa ni Malkia wa Mbingu badala ya Malaika wa Bwana. Hili ni jambo dogo, lakini watoto hulishika haraka na hulifurahia.

Nawaomba walimu wasidhani kwamba watoto wanaelewa Salamu Maria kwa sababu wanaijua kwa moyo. Ichukue sala hiyo kipande kwa kipande. Sehemu ya kwanza ni maneno ya malaika Gabrieli na ya Elizabeti, yaliyomo katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka, mstari wa 28 na wa 42. Sehemu ya pili ni ombi la Kanisa. Mtoto akilijua hilo ataweza kumjibu rafiki yake wa Kiprotestanti au wa Kiislamu anayemuuliza kwa nini anamwabudu mwanamke. Atasema kwamba tunamwabudu Mungu peke yake, kwamba Maria tunamheshimu na kumwomba atuombee, na kwamba neno lenyewe limo ndani ya sala: utuombee. Sanamu nayo iwekwe mahali pake kwa maelezo hayohayo, kwa kuwa ni ukumbusho wa mtu tunayempenda na haina uwezo wowote ndani yake. Nimekwisha kusikia mtu mzima akimwambia mtoto kwamba sanamu “inamwona” anapokosea. Maneno ya namna hiyo yanamdanganya mtoto wa Kikatoliki, na yanampa mtoto wa Kiislamu anayesikia sababu ya haki ya kutudhania vibaya.

Juu ya Waislamu na Bibi Maryamu nina neno refu kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu wenye nia njema hupotea. Ni kweli kwamba Qur-ani inamheshimu sana Maryamu. Sura ya 19 inaitwa kwa jina lake, naye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa humo kwa jina. Sura ya 3, aya ya 42, inasema Mwenyezi Mungu alimteua na kumtakasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, uliliona hilo, na katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 ukaandika kwamba Waislamu humheshimu mama bikira wa Yesu na pengine humwita kwa uchaji. Lebanoni imekwenda mbali zaidi, maana tangu 2010 tarehe 25 Machi, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ni siku ya mapumziko ya kitaifa kwa Wakristo na Waislamu pamoja. Mambo haya ni mazuri na watoto wote wanapaswa kuyajua.

Lakini mwalimu asiyachukue akayageuza kuwa mlango wa nyuma. Sisi tunamwita Maria Mama wa Mungu, kama Mtaguso wa Efeso ulivyotamka mwaka 431, kwa kuwa tunakiri kwamba mwanawe ni Mungu kweli na mtu kweli. Mwislamu halikubali hilo, naye ana haki ya kuelezwa waziwazi kwamba sala yetu inalitamka. Kumwambia mtoto wa Kiislamu “njoo tusali, maana hata nyinyi mnamwamini Maria” ni kumficha nusu ya ukweli, na mtoto huyo atakapofika nyumbani na kuulizwa na babu yake, nusu hiyo iliyofichwa ndiyo itakayotajwa kwanza. Mimi huwaambia kwamba tunakutana katika heshima kwa Maryamu na tunaachana katika kumkiri mwanawe, kisha tunaendelea kukaa dawati moja. Katika uzoefu wangu watoto hawasumbuliwi na tofauti iliyosemwa kwa upole. Kinachowasumbua ni kuona watu wazima wakizungukazunguka.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni cha idadi. Rozari hai, ile ambayo kila mtoto husimama badala ya ushanga mmoja, inahitaji watoto 59, yaani 53 wa Salamu Maria na sita wa Baba Yetu. Skuli yenye Wakatoliki wachache haiwafikishi, na hapo husikika shauri kwamba tuwaombe wengine wajaze nafasi, kwani ni kusimama tu na kushika mshumaa. Nalikataa shauri hilo kila linapotolewa. Mtoto aliyesimama badala ya Salamu Maria anaisali Salamu Maria hiyo, na asiyeisali hana sababu ya kusimama pale. Fanyeni kumi moja lenye watoto kumi na mmoja. Linapendeza na linatosha. Maandamano nayo yawe ya wale wanaosali. Kama ni watoto ishirini wakizunguka uwanja mara moja na sanamu ndogo mbele yao, basi Mama Maria amepewa heshima yake yote.

Watoto wa Kiislamu, hasa wasichana wadogo wanaoona magauni meupe na maua, huja wenyewe kuomba waingie kwenye mstari. Wasifukuzwe kwa ukali. Waelezwe kwamba hii ni ibada ya wenzao, kwamba wanaweza kutazama kama wageni wa heshima au kubaki maktaba, na kwamba ruhusa ya zaidi ya hapo iko kwa wazazi wao. Kufagia uwanja, kupanga viti na kuleta maua ni kazi za skuli zinazoweza kufanywa na yeyote apendaye. Kubeba sanamu, kufukiza ubani, kusoma somo na kuitikia litania ni kazi za wanaosali. Na mwalimu asiwadai wanafunzi wa Kiislamu wajibu “Milele, amina” anapowasalimia kwa “Tumsifu Yesu Kristo”, shikamoo inatosha.

Mzazi mmoja alinijia asubuhi, mzee wa makamo mwenye kanzu na kofia, akaketi na kukataa maji niliyomkaribisha.

“Mwalimu, mwanangu anaimba Salamu Maria nyumbani. Tulikubaliana hivyo?”

“Hatukukubaliana hivyo, mzee wangu,” nilimwambia. “Darasa lao liko karibu na pale wenzao wanaposali, na nyimbo anazisikia dirishani. Karibu nikuonyeshe ratiba na mahali penyewe.”

Nilimtembeza. Aliona ratiba ya vipindi vya dini vilivyotenganishwa, akaona kijipango cha mawe chenye sanamu, akapima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi dirisha la darasa la mwanawe. Aliomba mtoto akae maktaba wakati wa sala za asubuhi, tukaafikiana, na Mwalimu Mkuu akaandika. Hakuondoka kwa furaha kubwa, ila mtoto alibaki nasi hadi alipomaliza, na ndugu zake wawili wakaletwa baada yake. Ndiyo maana nawashauri walimu waipeleke ratiba ya Mei na Oktoba kwa wazazi wote kwa barua, mapema, ikieleza nani atasali, wapi, saa ngapi na kwa muda gani, na kwamba mtoto asiye Mkatoliki hahusishwi. Ikiwa maandamano yatatoka nje ya uzio wa skuli hata kwa hatua chache, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, apewe taarifa kabla, na paroko naye ajulishwe kwa wakati ili apange ratiba yake.

Jambo la picha linahitaji uangalifu wa pekee siku hizi. Picha ya mtoto aliyevaa mtandio akiwa amesimama karibu na sanamu, hata kama alikuwa anapita tu kwenda chooni, ikisambazwa katika makundi ya WhatsApp inaweza kuvunja kwa saa moja uelewano wa miaka. Mtu mmoja tu ndiye aruhusiwe kupiga picha, na zipitiwe kabla hazijatumwa popote.

Ramadhani nayo ifikiriwe mapema, kwa kuwa husogea takriban siku kumi na moja kila mwaka. Kati ya 2018 na 2021 iligusa sehemu ya Mei kila mwaka, na katika siku ambazo skuli zilikuwa wazi tuliadhimisha bila chakula, bila peremende, bila ngoma, tukisali asubuhi na kumaliza. Hakuna kilichopungua. Naweza kusema kwamba Mei zile ziliwafundisha watoto wetu kuona kwamba kiini cha sikukuu ni sala, jambo ambalo mapilau na soda za miaka mingine huwa yanalifunika. Kalenda ya Kanisa pia ina mabadiliko yake ambayo mwalimu sharti ayafuatilie. Mwaka 2024, kwa mfano, tarehe 25 Machi iliangukia Juma Kuu, na Sikukuu ya Kupashwa Habari ikahamishiwa tarehe 8 Aprili.

Kuhusu maua nina msimamo ambao si wote wanaokubaliana nao. Wazazi wengi hupenda maua ya plastiki kwa sababu yanadumu. Mimi nataka asumini. Kinachopambia wanawake na maarusi wa visiwa hivi, kinachotungwa kuwa vikuba pamoja na rehani na kilua, ndicho kinachofaa kumpambia Mama wa Bwana hapa, na mtoto anayekitunga kwa mkono wake hujifunza zaidi ya anayenunuliwa ua la dukani. Asumini huchumwa jioni ingali tumba, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu usiku kucha, na asubuhi hutungwa kwa sindano na uzi kabla jua halijapanda, mtoto akipitisha sindano kwenye kikonyo na kuangalia asiuchane ua. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kiislamu, amekuwa akituletea tumba hizo katika kawa ndogo kila mkesha wa tarehe 31 Mei, Sikukuu ya Maria Kumtembelea Elizabeti. Hajapata kuulizwa kwa nini, naye hajapata kueleza. Tunampokea, tunamshukuru, na watoto humwamkia.

Yapo majira magumu pia. Padre Evaristus Mushi alipouawa kwa risasi hapa Zanzibar Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, akielekea kuadhimisha Misa, wazazi wengi walitutaka tuache ibada zote za nje. Hofu yao ilikuwa ya haki. Tulihamishia sala ndani kwa muda, kwa mlango uliofunguliwa, na tulisali Matendo ya Uchungu tukimtaja marehemu na tukiwaombea pia waliomuua, kama Bwana alivyotufundisha. Walimu wenzetu wa Kiislamu walikaa nje ya mlango ule mpaka tulipomaliza, bila kuombwa na mtu. Kwa mwalimu atakayekutwa na siku kama hizo nasema: usalama wa watoto uje kwanza, badilisha mahali na saa ikibidi, lakini usikatishe kumi la kila siku, na usiruhusu neno lolote la kuwalaumu Waislamu kwa jumla litamkwe mbele ya watoto.

Mwisho nawageukia wazazi Wakatoliki. Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson huko Ufaransa mwaka 1843, liliwataka watoto mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wenye shida. Hicho ni kiasi ambacho hata mzazi wa zamu ya usiku anaweza kukitimiza nyumbani, hata kwa simu. Skuli haiwezi kuifanya kazi hii peke yake, na hilo huonekana wazi mwezi wa Desemba, kwa kuwa Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8, mara nyingi hutukuta tumekwisha kufunga au tunakaribia kufunga. Novena yake, yaani sala ya siku tisa, huanza tarehe 29 Novemba na kumalizika tarehe 7 Desemba. Kabla ya likizo mpeni kila mtoto karatasi moja yenye sala hiyo kwa herufi kubwa, siku tisa zikiwa zimepangwa mstari kwa mstari, ili mdogo aweze kuisoma mwenyewe na mkubwa aitikie. Na mzazi asiyejua kusoma vizuri amwombe mtoto amsomee.